Karani Aliyemfungia Diwani Nje

Ukifika ofisini kwake siku ya kwanza ya likizo, Karani hakukuuliza shule ilikuwaje wala mtihani ulikwendaje. Alikutazama juu ya miwani, akasema, "Katika madiwani wote wa baraza hili, yupi humpendi?"

Wageni walidhani ni mtego, wakajibu kwamba wanawapenda wote. Hao aliwapa panga wakafyeke nyasi nyuma ya ofisi mpaka wafikiri vizuri. Wenye kumjua walitaja jina moja kwa moja, na ukishalitaja umejifunga mwenyewe. Diwani huyo alikuwa wako likizo nzima. Akisimama kusema barazani, wewe ndiye wa kuandika. Kikao kikiisha, wewe ndiye wa kwenda mpaka nyumbani kwake, umsomee maneno yake mbele ya wake zake na mbwa wake, mpaka akiri kwamba ndiyo aliyoyasema. Asipokiri, unarudi ofisini kuandika upya.

"Unayempenda utamtilia chumvi," Karani alituambia. "Usiyempenda utamwandika sawa, kwa sababu utaogopa."

Hiyo ilikuwa Bungoma, katika miaka ya hamsini, mwenyekiti wa Baraza la Wilaya alipokuwa bado Mzungu, yaani Disii, mkuu wa wilaya, na madiwani wengi walikuwa wazee wasiojua kusoma. Sisi tulikuwa wanafunzi wa shule za sekondari, wachache kabisa wakati ule, na wasichana tulikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wazo la kutuita ofisini wakati wa likizo lilikuwa la Karani peke yake. Disii alikubali kwa kuwa hatukudai mshahara. Madiwani walikubali shingo upande.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye koti moja la kijivu ambalo lilipigwa pasi hata kwenye viraka. Chakula chake cha mchana kilikuwa viazi vitamu vilivyopoa, vimefungwa kwenye jani la mgomba, naye alivila kwa kisu na uma. Tulijificha kwenye masjala kumcheka. Sijui kama alitusikia. Nadhani alitusikia, maana hakuna kilichompita mtu yule, ila hakuona sababu ya kuacha.

Saa ya ofisi aliiweka mbele. Saa ya stesheni ya reli ikisema hivi, ya Karani ilikuwa imekwisha kupita hapo zamani. Mtu aliyejisifu kila siku kwamba anapenda haki alikuwa anamdanganya kila mwenye kuingia pale, hata Disii, na alipoulizwa alijibu kwamba hajamwibia mtu dakika, amewakopesha. Sisi wanafunzi tulitakiwa kuwa tumeketi, wino umejaa, kabla diwani yeyote hajakanyaga ukumbini. "Kalamu huingia kwanza," alisema, na alisema hivyo kila kikao, kama mtu anayesali.

Kulikuwa na sheria nyingine aliyoitunga yeye miaka ya nyuma, nayo Disii mmoja aliyehamishwa aliitia sahihi. Zamani madiwani walizoea kutoka katikati ya kikao, wakipitia kwa mama mmoja aliyepika pombe ya busaa nyuma ya soko, na kurudi wakiwa na sauti mara mbili ya ile waliyotoka nayo. Karani akaandika kwamba mwenyekiti akishagonga meza mlango unafungwa, aliye nje yuko nje, hana sauti wala kura. Na aliye ndani, hata awe nani, hatolewi ila kwa kura ya waliomo. Wazee walinung'unika msimu mzima. Hatimaye wakazoea, na yule mama wa busaa akahamia karibu na stesheni.

Mwenzangu katika likizo zile alikuwa Wekesa, kijana mwenye hati nzuri na kichwa kilichojaa Kiswahili cha vitabuni. Yeye alipewa diwani mmoja wa juu kule Mlima Elgon, mzee mkali. Mzee alikuwa amesema barazani kwamba barabara ya kwao ni mbaya kama roho ya chifu. Wekesa aliona maneno hayo hayafai, akaandika kwamba diwani aliomba barabara ya eneo lake ifanyiwe marekebisho yanayostahili. Karani aliisoma karatasi, akampa koti la mvua. Wekesa alipanda mlima kwa matope hadi magotini, akamsomea mzee yale marekebisho yanayostahili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Hiyo maneno ni nzuri sana," alisema. "Nani alisema? Mlete hapa na mimi nimjue."

Wekesa aliporudi, anatetemeka kwa baridi, Karani alimkaribisha chai kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa hivyo. Alikutuma kwenye mvua kisha akakutilia sukari, na ukishindwa kumkasirikia ulijikasirikia mwenyewe.

Mimi nilipoulizwa swali lake la kwanza sikusita. Nilimtaja Diwani wa upande wa Lwakhakha. Sauti yake ilinichosha, na zaidi ya hayo ndiye aliyekuwa akisema wazi kwamba watoto hawana kazi barazani, msichana ndiyo kabisa.

"Hawa watoto ya shure wanasikia wazee wakigombana," alisema siku moja, amesimama na kofia mkononi, "harafu wanapereka kwa jikoni. Kesho bibi yangu ananiuriza kwa nini niribadirisha kura. Hii ni baraza ama ni soko?"

Niliyaandika yote, hata hilo la jikoni, nikapanda lori la kahawa mpaka kwake kumsomea. Nilifika nikiwa nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza aliomba nisome tena, kisha mara ya tatu akawaita ndugu zake waje wasikie. Usiku ule nililala kwa mke wake mkubwa, aliyenipa maziwa na kuniuliza habari za nyumbani, kabila la mama yangu, umri wangu. Nilijibu kila kitu kama mjinga. Asubuhi Diwani alinisindikiza mpaka barabarani, akasema, "Mimi nimesema maneno miaka mingi, binti. Hakuna mtu amewahi kunirudishia yote." Tangu hapo nikaona ugumu wa kumchukia, ingawa msimamo wake haukuyumba hata kidogo.

Ofisini Karani alipenda mambo yasemwe wazi, mbele ya wote, kila mtu na jina lake. Nyumbani kwake mambo hayakuwa hivyo. Mkewe alisema kuishi na Karani ni kama kuishi na mpangaji mstaarabu. Alikuwa na binti, Nafula, ambaye wakati ule alikuwa darasa la saba, nyuma yangu miaka kadhaa. Nafula ndiye aliyemletea baba yake vile viazi. Akifika alisimama dirishani kutazama tunavyoandika, na kwa kusimama pale alikuwa amezijua sheria za baraza kuliko Wekesa. Mara moja alinisahihisha, kwa kunong'ona, nilipochanganya hoja na azimio. Karani alituokota sisi, watoto wa watu, kutoka kila pembe ya wilaya, lakini sikuwahi kumsikia akimuuliza Nafula ni diwani yupi hampendi. Alipokea jani la mgomba, akasema asante, akageukia taipureta.

Sasa nifike kwenye kikao chenyewe.

Diwani wa Lwakhakha alileta hoja kwamba wanafunzi waondolewe ofisini mara moja na milele. Kwa wavulana lilikuwa jambo la kupoteza likizo tu. Kwangu lilikuwa shule yenyewe. Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi, mtu mwema, lakini alinisomesha kwa kuona aibu mbele ya majirani. Kilichomtuliza ni kwamba Baraza la Wilaya, na Disii mwenyewe, waliniona nafaa kuketi nao. Alikuwa ameniambia waziwazi: "Baraza ikisema mkae, unarudi shule. Baraza ikisema mtoke, basi nitajua hata wao wameona si kazi ya msichana. Utaolewa." Baba hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Kura ile ndiyo ingeamua kama nitarudi darasani au nitakwenda kwa mume, nami nililijua hilo tangu siku hoja ilipopokelewa.

Watu walijaribu kuhesabu mikono mapema, wakaona pande mbili zinalingana. Diwani naye aliona hivyo. Ndipo akafanya jambo ambalo nadhani lingemjia mtu wa kwetu tu. Alituma ndugu zake kwa baba yangu kuniposa kwa ajili ya mwanawe.

Kwetu, baba wa mume na mke wa mwanawe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Ni heshima, na hakuna anayeichezea. Mara tu watu wakianza kusema kwamba mimi ni mke wa mwana wa Diwani, nisingeweza kuketi katika ukumbi anaoketi yeye. Ningetoka mwenyewe, kwa adabu yangu, na msichana akishatoka mwenyewe, hoja ya kuwatoa wote imekwisha kupita kabla haijasomwa. Sisemi ilikuwa hila tupu. Nakumbuka yale maziwa, na vile alivyofumba macho nikimsomea. Naamini alinitaka kweli niwe mkwe wake. Lakini siku aliichagua yeye, na alichagua mkesha wa kura.

Baba alikunywa na wale wajumbe. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, ila alicheka sana, na kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kuniozesha.

"Nasimiyu," baba aliniambia, "mtu kama Diwani kukuja kwa boma hii si jambo kidogo. Kesho ukae nyumbani. Usinitie aibu."

Nilitoka kama naenda kisimani, nikaenda moja kwa moja kwa Karani. Nilimkuta anapiga pasi lile koti. Nilimweleza yote huku nikilia, na mimi si mtu wa kulia hovyo.

"Ng'ombe wameingia bomani?" aliuliza.

"Bado."

"Baba yako amesema ndiyo?"

"Hajasema. Lakini watu wote wanasema mimi ni mkwe wa Diwani. Diwani mwenyewe anasema kuwashinda wote."

Karani alisimamisha pasi juu ya makaa. Alifikiri kidogo.

"Basi wewe ni mkwe wake," alisema. Nilitaka kumtupia kitu. "Na yeye ni mkwe wako," akaendelea. "Hii heshima, Nasimiyu, mnaivaa wawili. Kesho uwahi."

Asubuhi mama alinifungulia mlango. Nilitembea mpaka mjini na umande miguuni, nikaingia ukumbini nikiwa wa kwanza, nikaketi kwenye meza ya waandishi na wino wangu. Madiwani wakaanza kuingia mmoja mmoja. Kila aliyeniona alisita, akatazama mlango, akatafuta mahali pa kuketi penye kuona vizuri.

Diwani wa Lwakhakha alifika mwisho, kama ilivyokuwa desturi yake. Aliweka mguu mmoja kizingitini, akaniona, na mguu ukarudi nje wenyewe. Nami niligeuza uso ukutani, kama nilivyofunzwa na bibi yangu. Tulifanya hivyo kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wazee wawili watatu walipoelewa, wakaanza kukohoa kuficha kicheko.

"Toeni huyo mtoto!" alipaza sauti kutoka veranda. "Mimi siwezi kuingia na yeye yuko ndani!"

Disii aliuliza kuna nini. Karani, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkalimani, alisimama wima, akamweleza kwa Kiingereza, kisha akatugeukia akarudia kwa Kiswahili, maana hakukubali kamwe kusema jambo kwa lugha moja tu.

"Nimemwambia mwenyekiti kwamba mheshimiwa diwani hawezi kuingia kwa sababu ya heshima. Nimemwambia pia kwamba mwandishi aliketi kabla ya wote, na sheria inasema hatolewi ila kwa kura ya waliomo ndani. Na nimemwambia saa imefika."

Watu wote walitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imefika, kwa hesabu ya Karani. Disii, ambaye alitaka kwenda zake kuwinda kanga, aligonga meza. Askari akaanza kuufunga mlango.

Bado Diwani alikuwa na njia moja. Angeweza kuusukuma mlango kabla haujagusa fremu, aingie, aketi. Lakini kuingia kungekuwa kutangaza mbele ya Bungoma nzima kwamba mimi si mkwe wake, kwamba ndugu zake walitumwa kucheza na jina la baba yangu. Nilimsikia akipumua upande wa pili wa mbao. Hakusukuma, mlango ukafungwa. Nitasema hivi juu yake popote: alikuwa na heshima kweli, na ilimgharimu.

Alihamia dirishani, akatugeuzia mgongo ili asinione, na akaanza kutetea hoja yake kwa kuiambia miti. Alisema kwa nguvu, na alisema vizuri.

"Niandike?" nilimwuliza Karani kwa sauti ndogo.

"Andika: kulikuwa na sauti nje," alisema.

Hoja ilianguka kwa mkono mmoja, ule uliokuwa unashika kofia upande wa pili wa dirisha. Wekesa alinikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Mimi nilitazama wino na sikuweza kuona mstari. Nilijua narudi shule.

Nilijua mapema mno. Diwani hakuwa mtu wa kulala chini na kulia. Siku hiyohiyo alikuja na ndugu zake kwa baba, akaketi nyuma ya ghala ili tusionane, na sauti yake nikaisikia kutoka jikoni, imetulia kabisa.

"Bungoma yote imeona," alisema. "Nimesimama nje ya baraza yangu, mimi mtu mzima, kwa sababu ya heshima ya mkwe wangu. Nimepoteza kura mbere ya watu. Sasa nipeni huyo mkwe."

Na alikuwa na hoja. Karani, kwa ile akili yake, alikuwa amethibitisha uchumba wangu mbele ya mashahidi wote wa wilaya. Kama Diwani alisimama nje bila kuwa baba mkwe, basi alikuwa kichekesho, na mtu kama yule huwezi kumfanya kichekesho ukaendelea kuishi naye wilaya moja. Mama alishika mkono wangu jikoni. Niliwaza kukimbilia Suam, nivuke niingie Uganda, nifanye kazi yoyote.

Kabla baba hajajibu, Karani aliingia bomani. Alikuja kwa miguu, na koti, na alikataa kiti.

"Sheria niliandika mimi," alisema. "Mlango nilifunga mimi. Mzee Diwani amesimama nje kwa mkono wangu, si kwa mkono wa huyu binti. Kama heshima yake inadai mkwe, mimi ninaye binti."

Diwani akasema kwamba binti wa Karani ni heshima kubwa zaidi, na wote wakakubali kwamba ni kubwa zaidi, baba kwa haraka kuliko wote. Nilirudi shule. Nafula aliolewa mahindi yalipovunwa, kabla hajafika darasa la nane. Mimi sikuwapo, nilipata habari kwa mama. Hakuna aliyemuuliza Nafula. Siku ile hata bomani petu hakuwapo.

Nimeishi na jambo hili miaka mingi na sijapata namna ya kulilainisha. Nilimpenda Karani kuliko mwalimu yeyote. Nilimkasirikia pia, na hasira hiyo haikupungua kwa kuwa ndiye aliyeniokoa. Likizo iliyofuata tuliendelea kama kawaida. Diwani, kwa kuwa sasa mkwe wake alikuwa mwingine, aliingia ukumbini akaketi mbele yangu bila taabu, na akadai mimi ndiye niendelee kumwandika. Viazi vya Karani vililetwa na mdogo wake Nafula. Mara mbili nilimwona Karani akikunja lile jani la mgomba, akalikunja tena, kisha asile.

Alistaafu nilipokuwa kidato cha mwisho. Nilipomaliza, baraza liliniajiri kuwa karani mdogo, na saa ya ukutani nikaikuta ingali mbele. Kuhusu yeye mwenyewe watu walisema mambo ya ajabu: ati amehamia Kitale, anakaa karibu na kwa mkwe wake, mzee mzima, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Mume wa Nafula alikuwa fundi katika karakana ya matrekta huko.

Siku moja madiwani wetu walikwenda Kitale kuzungumza na baraza la masetla wa Kizungu juu ya ng'ombe kuvushwa mpaka wa wilaya, nami nikaenda kuandika. Kikao kiliisha mapema kuliko tulivyotazamia, kwa sababu masetla walikataa kila kitu kwa sentensi moja. Nilikuwa nimekasirika, nikashuka kwa miguu mpaka upande walikoishi Waafrika. Karibu na ukumbi wa kanisa nikaliona lile koti la kijivu. Mgongoni, juu ya koti, alikuwa amefunga mtoto kwa shuka, kama mama. Mtoto mwingine alimshika kidole. Vijana wawili waliopita na baiskeli walimpigia kelele wakicheka, naye akawavulia kofia.

"Mulembe, Mzee," nilisema.

"Mulembe, Nasimiyu. Umechelewa."

Nilimuuliza anafanya nini pale. Akasema anangoja kikao kiishe, akaonyesha ukumbi kwa kidevu. Kupitia dirishani niliona wanawake kama kumi wameketi kwenye mabenchi, na mwalimu wa kike ubaoni. Nafula alikuwa benchi la mbele. Alikuwa anajiandaa kufanya mtihani wa darasa la nane.

"Mume wake alisema hakuna mtu wa kushika watoto," Karani alieleza. "Nikamwambia yuko."

"Na watu wanasema nini?"

"Wanasema mengi. Hawajafika kwangu nikawasomea maneno yao wakiri."

Nilitaka kucheka na sikucheka. Nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba, kama anajuta. Alimpandisha mtoto mgongoni kabla ya kujibu.

"Kufunga mlango, hapana. Ningeufunga hata leo." Kisha kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuta neno asilipate. "Lile la pili niliamua peke yangu. Na mwenye jambo hakuwa kikaoni."

Darasa likaisha. Nafula alitoka na vitabu kifuani, mnene kidogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yaleyale ya dirishani. Nilianza kusema asante, nilikuwa na mengi ya kusema, lakini alinikata.

"Usinishukuru, dada. Mimi sikutoa kitu. Niritorewa."

Baba yake alitazama chini. Nafula hakumtazama. Aliniuliza kama ofisini kwetu bado wanachukua watu wa kujifunza kuandika kikao. Nikasema wanachukua.

"Hata wenye watoto?"

"Hakuna sheria inayokataza," Karani alisema kutoka nyuma.

"Sikukuuriza wewe," Nafula alimwambia. Akanirudia mimi. "Na baba mkwe wangu, bado ni diwani?"

"Bado. Hajakosa kikao hata kimoja."

Nafula alicheka, kicheko kirefu, mpaka mtoto mgongoni mwa mzee akaamka.

"Basi mwambie hivi. Nikipita huu mtihani nakuja Bungoma, nitaketi ndani ya hiyo baraza, na sitatoka. Yeye atafute mwavuri, kwa sababu mvua ya Bungoma inanyesha kira arasiri."

Alimpa baba yake vitabu abebe, juu ya mtoto, wakaondoka kuelekea nyumbani, yeye mbele, mzee nyuma.

Nilirudi Bungoma kwa basi. Diwani wa Lwakhakha nilimkuta veranda ya ofisi kesho yake, anangoja ukumbi ufunguliwe. Nikasimama mbele yake nikamwambia ujumbe wa mkwe wake, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, na mwavuli ukiwemo. Alifumba macho akasikiliza. Alipoyafumbua hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayehesabu vikao vilivyombakia.

"Huo mtihani," aliuliza, "ni rini?"